Kutoka Kitini Hadi Kitandani: Walimu wa Udaktari na Mabadiliko ya Mafunzo

Kila Jumapili katika sharika zetu tunawaombea wagonjwa, na mara nyingi tunawaombea pia madaktari na wauguzi wanaowahudumia. Waliowafundisha madaktari hao hawatajwi sana. Lakini mkono unaotupapasa tumbo tukiwa tumelala wodini ulifundishwa na mkono mwingine, na sikio linalosikiliza kifua chetu lilielekezwa na mtu cha kusikiliza. Mwalimu akifundisha vema, faida tunaipata sisi. Akifundisha vibaya, hasara inatupata sisi na watoto wetu.

Jambo hili linatuhusu pia kwa sababu Kanisa ni mmoja wa walimu hao. Mwaka 1971 Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi kwa juhudi za makanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema, na mwaka 1997 ukaanza pale mpango wa shahada ya udaktari. Hatuwezi, basi, kusema kwamba namna daktari anavyofundishwa ni shauri la serikali na wataalamu peke yao. Ni shauri la Kanisa, na Kanisa ni sisi washarika.

Katika makala hii tunatazama nyakati tatu ambapo mafunzo ya udaktari yalibadilika, na kusikiliza walimu wenyewe walisema nini. Tutaona kwamba hawakukubaliana hata mara moja. Tutaona pia kwamba ugomvi wao haukuwa kati ya wajinga na wenye hekima. Mara nyingi aliyeleta jambo jipya alikuwa na haki, na aliyelipinga alikuwa na hofu ya kweli. Tunahitaji kuwasikia wote wawili ili tupate kipimo cha kuyapima mabadiliko ya siku zetu.

Profesa juu ya kiti

Kwa karne nyingi, katika vyuo vikuu vya Ulaya, somo la mwili wa binadamu lilifundishwa hivi: profesa aliketi juu ya kiti kirefu akisoma kitabu cha Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2. Chini yake kinyozi aliyezoea kisu alipasua maiti. Mtu wa tatu alishika fimbo na kuonyesha kiungo kilichotajwa. Wanafunzi walitazama kwa mbali. Kama maiti haikukubaliana na kitabu, ilidhaniwa kwamba maiti ndiyo yenye kasoro.

Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alilelewa katika mafundisho hayo huko Paris. Alipopewa kazi ya kufundisha Padua, nchini Italia, mwaka 1537, alishuka kutoka kitini, akashika kisu mwenyewe na kuwaita wanafunzi wasogee. Ndipo alipoona kwamba Galen alikuwa ameandika mambo mengi kutokana na miili ya nyani na wanyama wengine. Galen alisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Vesalius aliona ni mfupa mmoja. Wengi wetu tumewahi kusikia kwamba mwanaume ana ubavu mmoja pungufu kuliko mwanamke. Vesalius alihesabu akakuta mbavu ni sawa, 24 kwa kila mmoja; na kwa kweli kitabu cha Mwanzo hakisemi popote kwamba wana wa Adamu walizaliwa na upungufu ule. Mwaka 1543 alichapisha matokeo yake katika kitabu kikubwa chenye michoro mizuri ajabu.

Mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, alikasirika mno. Mwaka 1551 alitoa kitabu cha kumshambulia mwanafunzi wake wa zamani, akichezea jina lake ili lisomeke kama neno la Kilatini lenye maana ya mwendawazimu. Alifika mahali pa kudai kwamba Galen hakukosea, ila miili ya wanadamu imebadilika tangu siku zake.

Ni rahisi kumcheka Sylvius, lakini tusifanye haraka. Alikuwa mwalimu hodari aliyependwa na wanafunzi wengi. Aliona kwamba kijana akizoea kuwapuuza waliomtangulia, kesho atampuuza kila mtu na kuliamini jicho lake tu. Hofu hiyo ilikuwa na maana. Shida ni kwamba aliitumia kukilinda kiti, wakati kilichopaswa kulindwa ni ukweli.

Hapa sisi Walutheri tuna sehemu yetu katika historia hii, na haijulikani sana. Philip Melanchthon, rafiki wa Martin Luther na mwandishi wa Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Wittenberg. Lakini alishikilia kwamba kijana hawezi kusema juu ya nafsi ya mtu bila kuujua mwili wa mtu, kwa kuwa mwili ni kazi ya Mungu na unamshuhudia aliyeuumba. Mwaka 1540 alitoa kitabu juu ya nafsi, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilieleza viungo vya mwili, akimfuata Galen. Kitabu cha Vesalius kilipotoka, Melanchthon alikisoma. Mwaka 1552 alitoa kitabu chake upya, akiwa ameingiza ndani yake mengi aliyojifunza kwa Vesalius.

Kwa hiyo vijana wa Wittenberg, wakiwemo waliokuwa wakijiandaa kwa uchungaji, walisoma habari za mifupa, moyo na ubongo kama sehemu ya kumjua Muumba. Melanchthon hakuhesabu kuwa ni aibu kusahihisha kitabu chake mwenyewe. Paul, mwana wa Luther, alikua akawa daktari.

Kitanda na maabara

Neno kliniki asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kitanda. Mabadiliko ya pili yanahusu kitanda hicho. Kujua mwili wa maiti ni jambo moja. Kumjua mtu aliye hai, mwenye homa, mwenye woga, ni jambo lingine. Mwaka 1714, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Herman Boerhaave alianza kufundisha kando ya vitanda 12 tu, 6 vya wanaume na 6 vya wanawake. Vitanda hivyo vichache vilivuta wanafunzi kutoka nchi nyingi za Ulaya.

Mtu aliyeliimarisha jambo hili Marekani alikuwa William Osler, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana kutoka Canada. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore mwaka 1893, Osler hakutaka wanafunzi waende wodini kama wageni wa kutazama. Aliwapa wagonjwa wa kuwafuatilia, kuandika habari zao na kuzieleza mbele ya mwalimu. Katika yote aliyofanya, alitaka akumbukwe kwa hilo: kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini.

Lakini wakati huohuo Marekani ilikuwa imejaa shule za udaktari zisizo na maabara wala hospitali, zilizochukua ada na kutoa vyeti. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa shule ambaye hakuwa daktari, alitoa taarifa baada ya kukaguliwa kwa shule 155 za Marekani na Canada. Alisema wazi kwamba nyingi hazifai. Alitaka mwanafunzi aingie akiwa na elimu ya kutosha, asome sayansi katika maabara halisi, kisha aende hospitali inayofundisha. Shule nyingi zilifungwa katika miaka iliyofuata, na mpango wake wa sayansi kwanza na wodi baadaye ukaenea duniani. Hata vyuo vyetu vimeufuata kwa sehemu kubwa.

Osler hakupinga sayansi. Lakini baada ya taarifa hiyo pakatokea pendekezo kwamba maprofesa wa hospitali walipwe mshahara wa chuo peke yake, waache kutibu watu kwa malipo, wajitoe kwa kufundisha na utafiti. Mwaka 1911 Osler, akiwa sasa Oxford, alimwandikia mkuu wa Johns Hopkins akieleza hofu yake. Aliogopa kukua kwa kizazi cha walimu ambao dunia yao itaishia kwenye kuta za maabara, wasiojua tena shida za watu wa kawaida, na wanafunzi wao wakafanana nao. Wenzake waliopenda pendekezo hilo walimjibu kwamba mwalimu anayekimbilia wagonjwa wa kulipa hana muda wa mwanafunzi. Sisi tunaoyasoma haya tukijua hali ya hospitali zetu tunaona kwamba hofu zote mbili zilikuwa na msingi.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1926, Francis Peabody wa Harvard alisimama mbele ya wanafunzi akasema malalamiko aliyoyasikia kwa madaktari wazee: vijana wanaohitimu wanajua sana namna ugonjwa unavyofanya kazi, lakini wanajua kidogo namna ya kumtunza mgonjwa. Peabody hakuwa adui wa maabara. Yeye mwenyewe aliongoza maabara ya utafiti katika hospitali kubwa ya Boston. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito. Aliwaeleza wanafunzi kwamba mgonjwa anapolazwa huvuliwa nguo zake, kazi yake na jamaa zake, akabaki kuwa ugonjwa tu machoni pa daktari, na kwamba tiba huanza kwa kumjali yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 45, Peabody alifariki kwa saratani. Hata Flexner, katika kitabu chake cha mwaka 1925, alikiri kwamba udaktari wa kisayansi umepungukiwa na upande wa utu na fikra pana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo walimu wengi wa wakati ule hawakulizungumza, na sisi hatupaswi kulipita. Mwaka 1910 kulikuwa na shule 7 za udaktari kwa ajili ya Wamarekani weusi. Flexner alishauri zibaki 2, Howard na Meharry, na zile 5 zikafa. Tena aliandika kwamba daktari mweusi afundishwe zaidi usafi na kinga ili awahudumie watu wake, na ili maradhi yasiwafikie weupe. Shule zilizofungwa zilikuwa dhaifu kweli. Lakini wenye fedha wangeweza kuziimarisha, nao hawakufanya hivyo. Ubora ulipanda, na maelfu ya watu maskini wakabaki bila daktari wa kuwagusa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mabadiliko yamemsogeza mwanafunzi kwa mgonjwa. Inatupasa kuuliza pia: mgonjwa yupi?

Kundi dogo na darasa kubwa

Mabadiliko ya tatu yalianza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster huko Hamilton, Canada. Walimu wa pale waliona kwamba wanafunzi humeza mihadhara miaka miwili, huitapika kwenye mtihani, kisha hufika wodini wakiwa wameisahau. Wakaamua kuanza na mgonjwa. Wanafunzi wachache huketi kuzunguka meza moja, hupewa habari ya mgonjwa, kwa mfano mtoto anayehara na kuishiwa maji, kisha wao wenyewe hutafuta katika vitabu wanachohitaji kujua ili wamsaidie. Mwalimu yupo, lakini hahutubii. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 20.

Walimu wa vyuo vingine waligawanyika. Walioipenda njia hii walisema inamfundisha daktari kujifunza maisha yake yote, maana dawa za leo si za kesho. Walioipinga, hasa walimu wa anatomia na fiziolojia, walisema mwanafunzi ataokota maarifa vipande vipande, na jengo lisilo na msingi litaanguka. Wengine walisema mwalimu aliyesoma miaka mingi anakaa kimya huku wanafunzi wakipapasa gizani.

Njia hiyo ilifika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliitumia tangu kilipoanza kufundisha udaktari, kikiiunganisha na kuwapeleka wanafunzi vijijini wakakae na jamii. Makerere, ambako udaktari umefundishwa tangu miaka ya 1920, iliingia katika njia hiyo mwaka 2003. Tanzania nako walimu wameendelea kubadilisha. Muhimbili ilianza mwaka 2011 kutumia mitaala inayouliza si mwanafunzi amesoma nini, bali anaweza kufanya nini. Moshi, kuanzia mwaka 2010, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, chuo chetu kiliongeza kompyuta, maktaba ya mtandaoni na masomo ya wanafunzi kushirikiana katika vikundi.

Lakini swali la mgonjwa yupi lilikuwa limeulizwa hapa kwetu mapema zaidi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, nayo ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968. Mwaka 1966 Maurice King, aliyekuwa akifundisha Makerere, alihariri kitabu kilichosisitiza kwamba katika nchi maskini mgonjwa atibiwe karibu na nyumbani kwake kadiri iwezekanavyo, na kwamba daktari afundishwe kwa hali ile atakayoikuta. Wengine waliona hatari katika wazo hilo: tukifundisha daktari wa hali ya umaskini, je, hatutawapa maskini daktari wa daraja la pili? Ni swali lilelile la mwaka 1910, ila sasa liliulizwa na watu waliokuwa upande wa maskini.

Leo walimu wana mzigo mwingine juu ya huo. Kundi la wanafunzi 8 mezani linahitaji mwalimu mmoja. Darasa la wanafunzi zaidi ya 100 linahitaji walimu wengi, vyumba vingi na vitanda vingi. Mtaala mzuri uliotungwa kwa wanafunzi 20, ukiwekwa juu ya walimu wachache na umati wa wanafunzi, hurudi kuwa mhadhara. Na kitandani pia hali ni ileile: wanafunzi wakiwa 20 kuzunguka mgonjwa mmoja, aliye nyuma huona migongo ya wenzake, kama wale wa zamani waliomtazama kinyozi kwa mbali.

Fimbo ya Elisha

Katika 2 Wafalme 4 tunasoma habari za mwana wa mwanamke Mshunami. Mtoto alipokufa, mama alimlaza juu ya kitanda cha nabii, akaenda kumtafuta. Elisha alimtanguliza mtumishi wake Gehazi na fimbo, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi alifanya kama alivyoagizwa, asikosee neno, lakini mtoto hakuamka. Ndipo nabii mwenyewe akafika, akafunga mlango, akaomba, akajinyoosha juu ya mtoto mpaka mwili wake ukapata joto.

Hatusemi kwamba fimbo ni mbaya. Maabara, kompyuta, mtaala mpya na kundi la mezani ni fimbo njema, na wengi wetu tuko hai kwa sababu yake. Lakini historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba kila njia mpya ilizaliwa kwa kumsogeza mwanafunzi karibu na mtu anayeumwa, na kila moja ilipozeeka ilielekea kuwa kiti kingine cha kukalia mbali naye. Vesalius alishuka kitini, na kitabu chake kikaja kusomwa kutoka kitini. Flexner aliwatoa wanafunzi katika madarasa yasiyo na hospitali, na Peabody akalazimika kuwakumbusha kwamba kitandani kuna mtu. Hicho ndicho kipimo: je, njia hii inamfikisha mwanafunzi kwa mgonjwa, na je, mgonjwa huyo ni pamoja na yule ambaye hana wa kumsemea?

Kuna mambo matatu yaliyo mikononi mwetu sisi washarika. Kwanza, tunapolazwa katika hospitali inayofundisha, sisi ni sehemu ya darasa. Tunayo haki ya kuombwa ruhusa, kuitwa kwa majina yetu na kusitiriwa miili yetu, na tunaweza kukataa. Lakini tukikubali kijana asiyejua bado aweke mkono wake juu yetu, tunamtumikia mgonjwa ambaye hatutamwona kamwe.

Pili, Kanisa linapomiliki chuo, sisi wajumbe wa vikao tusiishie kuuliza idadi ya wanafunzi na ada iliyokusanywa. Tuulize wako walimu wangapi, wana vitanda vingapi vya kufundishia, na kama mtoto wa mkulima aliyefaulu anaweza kuingia. Majibu yake yatatuambia zaidi kuliko majengo tunayoyazindua.

Tatu, tuwatie moyo vijana wetu waliohitimu wakubali kufundisha. Kazi ya mwalimu wa udaktari haina sifa ya daktari bingwa mwenye kliniki yake mjini, lakini bila yeye huyo bingwa asingekuwapo. Na katika maombi ya Kanisa, baada ya kuwataja wagonjwa wa usharika, tuwataje walimu wa Moshi, Muhimbili, Bugando na kwingineko, ili Mungu awape uvumilivu wa kusimama kitandani pamoja na wanafunzi wao hata siku wodi inapokuwa imejaa.